Handaki lililokuwa na posta

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya karatasi ngumu, na karibu maneno yote yalikuwa yameshachapwa. Mimi ni mzima. Nimelazwa hospitali. Naumwa. Nimejeruhiwa. Naendelea vizuri. Nimepata barua yako. Sijapata barua yako siku nyingi. Askari alichotakiwa kufanya ni kukata sentensi zisizomhusu, kuandika tarehe na kutia sahihi. Alikata kwa kalamu ya risasi, na sijawahi kuona jina hilo la Kiswahili likikaa mahali pake kama hapa. Kadi ilibeba pia onyo: ukiongeza neno lolote jingine, itaharibiwa.

Kadi hizo walipewa askari wa Uingereza waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji katika Vita Kuu ya Kwanza. Mfikirie kijana mmoja. Tope limemfika magotini, rafiki yake wa jana amefunikwa turubai nyuma ya mahandaki, na yeye ana hizo sentensi chache za kuchagua. Hakuna inayosema naogopa. Hakuna inayosema jana tulikuwa sita, leo tuko wawili. Anakata, anakata, inabaki "Mimi ni mzima". Mama yake anaipokea, anaisoma mara nne, anaitia kwenye kopo la biskuti. Miaka sabini baadaye mjukuu analifungua kopo.

Nilitoe jambo langu mapema, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Handaki la Ulaya linakumbukwa dunia nzima, na kila tukiulizwa kwa nini, tunajibu kwamba mateso yake hayakuwa na mfano. Mateso yalikuwepo, sibishani. Ila yalikuwepo na kwingine, na huko kwingine yamesahaulika. Nionavyo mimi, handaki la Ulaya linakumbukwa kwa sababu lilikuwa na posta.

Mtajie mwanafunzi wa sekondari wa Songea au Kakamega Vita ya Kwanza ya Dunia, na kichwani mwake atamwona Mzungu mwenye kofia ya chuma ndani ya shimo refu la tope. Haoni Salaita ya Taveta. Haoni Mahiwa ya Lindi. Na huenda babu wa babu yake alikuwa hukohuko.

Tulitazame handaki lenyewe kidogo, kwa kuwa picha za filamu zinadanganya. Kuanzia mwisho wa mwaka 1914 mstari wa mbele wa upande wa magharibi ulinyooka kilomita zipatazo 700, kutoka pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi, na kwa zaidi ya miaka mitatu haukusogea sana. Halikuwa shimo moja. Palikuwa na handaki la mbele, nyuma yake la msaada, nyuma yake tena la akiba, na vichochoro vya kuyaunganisha. Yote yalichimbwa kwa kona kona, makusudi, ili kombora likianguka lisiue mstari mzima, na adui akifanikiwa kuingia asiweze kumimina risasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo aliyekuwa ndani hakuona mbali. Mbele ukuta wa udongo, nyuma ukuta wa udongo, kushoto kona, kulia kona, juu utepe wa mbingu. Ndiyo maana wengi wao walipokuja kusimulia walianza na walichokisikia. Sikio lilijifunza kazi ya jicho: kombora hili linapita, hili ni letu.

Wala hawakuishi mstari wa mbele mwaka mzima. Vikosi vya Waingereza vilikwenda kwa zamu: siku kadhaa mbele, siku kadhaa kwenye msaada, kisha nyuma kupumzika, ingawa mapumziko yenyewe mara nyingi yalikuwa kubeba mbao na kutengeneza barabara. Ukihesabu, siku za mbele kabisa zilikuwa chache kuliko za nyuma. Lakini aliyerudi hakusimulia kwa kalenda. Siku nne za mbele zilimeza mwezi mzima.

Na alichosimulia ni vitu vidogo. Alfajiri na magharibi wote walisimama tayari, singe zimefungwa kwenye bunduki, maana hizo ndizo zilikuwa saa za kushambuliwa. Usiku ndio uliokuwa mchana wao: kukaza seng'enge, kuleta maji na chakula, kuzika. Mchana walilala kwenye vishimo vya ubavuni, panya wakiwapita usoni. Miguu iliyoshinda ndani ya maji baridi ilivimba, ikakosa hisia, mingine ikaoza na kukatwa. Ikaja amri ya kupaka miguu mafuta ya nyangumi, na ofisa aliyesomeshwa shule za matajiri akajikuta anainama kukagua vidole vya mchimba makaa. Chawa walikaa kwenye mishono ya nguo. Dawa yao ilikuwa mshumaa: unapitisha mwali polepole juu ya mshono, unasikia mayai yakialika moja moja, na ukizubaa unaiunguza suruali ya mfalme.

Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme, jeshi la Uingereza lilipata majeruhi, waliopotea na waliokufa 57,470, na waliokufa peke yao walikuwa 19,240. Tarakimu hizo huandikwa kila mahali, nami nimeziandika. Ila hakuna askari aliyebeba kichwani watu 19,240. Alibeba mmoja, wawili, yule aliyekuwa akimwazima kiberiti.

Sasa posta. Vita ilipopamba moto, barua zilizokuwa zikipelekwa kwa askari wa Uingereza zilifika milioni 12. Kwa wiki. Mambo mawili yaliliwezesha hilo. Kwanza, vita ilisimama mahali pamoja. Jeshi lisilosogea hujengewa reli, maghala na ofisi za kuchambua barua, na barua iliyotoka Uingereza ikaweza kufika handakini baada ya siku chache tu, wakati mwingine na keki juu. Pili, shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imesambaza shule za msingi Uingereza, na vijana wa 1914 walikuwa matunda yake. Vita vilivyotangulia viliandikwa zaidi na maofisa. Safari hii koplo aliyekuwa akifyatua matofali kabla ya vita aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, na makosa yake ya herufi.

Barua hizo nazo hazikusema yote. Ofisa wa kikosi alizisoma kabla hazijaondoka, na askari alijua kwamba mkubwa wake atamsoma. Kisha palikuwa na mkaguzi wa pili, mkali kuliko ofisa: mapenzi ya mtoto asiyetaka mama yake akose usingizi. Tunachosoma leo kimechujwa mara mbili. Hata hivyo karatasi ipo, na karatasi ikiwepo unaweza kusoma hata lile pengo kati ya mstari na mstari.

Kwa wengine pengo lilidumu maisha yote. Harry Patch, fundi bomba wa Somerset, alipigana Passchendaele, Ubelgiji, mwaka 1917, kwenye kikundi cha watu watano kilichohudumia bunduki ya rashasha. Usiku wa tarehe 22 Septemba kombora lilipasuka juu yao. Wenzake watatu walikufa, yeye akajeruhiwa. Akarudi kwao, akaoa, akaendelea na mabomba yake, akazeeka, na habari za handaki hakuzigusa. Alianza kusema mwaka 1998 alipotimiza miaka 100, watengeneza vipindi vya televisheni walipomfuata kwenye nyumba ya wazee. Alifariki Julai 2009 akiwa na miaka 111, na mpaka mwisho siku yake ya ukumbusho ilikuwa 22 Septemba. Ile ya 11 Novemba, yenye magwaride na maua mekundu, aliiona ni maonyesho.

Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee wetu. Ila linaloniuma kwenye kisa cha Patch ni jingine. Miaka 80 ya kimya haikumfuta. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la kikosi, medali zilikuwepo, na alipokuwa tayari kusema, aliyetaka kumsikia alijua pa kumpata. Mlinganishe na Ujerumani. Erich Kästner, si yule mwandishi wa vitabu vya watoto, anatajwa kuwa askari wa mwisho wa Ujerumani wa vita ile. Alifariki tarehe 1 Januari 2008 na nchi yake karibu haikugutuka, kwa kuwa Ujerumani haikuwa na orodha rasmi ya wazee hao. Handaki lilelile, tope lilelile, ng'ambo ya pili tu ya seng'enge, na kumbukumbu ikawa na bahati tofauti.

Niongeze tahadhari moja. Mzee wa miaka 100 anayesimulia ya umri wa miaka 19 husimulia pia picha alizoziona baadaye na maswali aliyozoea kuulizwa. Simshutumu. Ndivyo kumbukumbu inavyoishi, inakula inachokuta njiani. Sisi tunaoishi na masimulizi ya mdomo tunalijua hili kuliko wenye makabati ya karatasi, ingawa ni sisi tunaoambiwa kila siku kwamba masimulizi yetu si ya kuaminika.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Wahindi. Jeshi la India lilishuka Marseille kuanzia Septemba 1914 na kuingizwa mahandakini majira ya baridi yalipokuwa yanaanza. Wengi wa askari wale hawakujua kuandika. Waliwasemea wenzao waliojua, barua ikasafiri hadi kijijini Punjab au Garhwal, na huko ikasomwa kwa sauti mbele ya watu. Serikali ya Uingereza ikaogopa kwamba habari za handaki zitazima moyo wa vijana wa kuandikishwa, ikaweka ofisi ya kuzifungua, kuzitafsiri na kuzinukuu. Askari wakalijua hilo, wakaanza kuandika kwa mafumbo. Mmoja aliwaarifu nyumbani kwamba pilipili manga iliyotoka India imekwisha, sasa wanaletewa pilipili nyekundu. Pilipili manga ni Wahindi. Nyekundu ni Waingereza. Kijiji kilielewa, na mkaguzi naye alielewa, ndiyo maana akainukuu.

Barua nyingi zenyewe zimepotea vijijini. Zilizobaki ni nukuu za mkaguzi, zimetunzwa kwenye maktaba London. Kwa maneno mengine, sauti ya yule askari imetufikia kwa sababu alikuwa akichunguzwa. Aliyekusudia kumnyamazisha ndiye aliyemhifadhi. Nikisoma habari hizo hujiuliza kama bora kuchunguzwa namna ile au kupuuzwa kabisa, kwa maana waliopuuzwa ni wetu.

Kabla sijafika kwetu, nipite Senegal. Ufaransa iliwapeleka mahandakini askari wa Afrika Magharibi kwa maelfu, na wapatao 30,000 hawakurudi. Baridi iliwaua pamoja na risasi. Katika shambulio la Chemin des Dames, Aprili 1917, walipandishwa mteremko mikono imekufa ganzi hata kushika bunduki ni shida. Abdoulaye Ndiaye, aliyejulikana kuwa wa mwisho wao, aliishi hadi 1998. Ufaransa ikaamua kumpa nishani yake ya juu, sherehe ikapangwa iwe 11 Novemba kijijini kwake. Alifariki tarehe 10.

Askari wa Afrika Mashariki hawakupelekwa Ulaya. Handaki liliwafuata nyumbani.

Kilima cha Salaita kiko kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, kilima kifupi tu, ukipita kwa basi unaweza usikigeuzie shingo. Wajerumani walikuwa wameikamata Taveta tangu Agosti 1914, na askari wao wakachimba hapo. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia. Mizinga yao ilipiga kileleni, mahali mahandaki yalipoonekana. Waliokuwa wakingojewa hawakuwa kileleni. Walikuwa chini, miguuni pa kilima, kwenye mahandaki yaliyofichwa na vichaka vya miiba, na askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wamefika juzi tu wakiwa na dharau kwa mtu mweusi mwenye bunduki, walitimuliwa na watu haohao weusi. Waliowafunika migongo wakati wa kurudi nyuma walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India. Nimewahi kukipanda kilima kile. Mifereji bado inaonekana, imejaa mawe na kinyesi cha mbuzi, kina chake sasa hakizidi kiuno cha mtoto.

Mahiwa ilikuwa mbaya zaidi. Ni bara ya Lindi, Oktoba 1917, siku nne mfululizo. Upande wa Waingereza walikuwepo watu wapatao 4,900, wengi wao Wanaijeria na Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na walipoteza zaidi ya nusu, kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,500, wengi wao askari weusi, na hasara yao haikuzibika tena. Watu walichimba, wakajificha, wakatoka, wakafyekwa na bombom, wakachimba tena. Kiswahili kilikuwepo pande zote mbili za mstari. Bombom lenyewe ni neno la wakati ule: aliyelitunga aliisikia bunduki ya rashasha kwanza, akaiita alivyoisikia, sawasawa na wale wa Ulaya walioanza kusimulia kwa sikio.

Mtu akiniambia niorodheshe barua za askari wa Mahiwa, nitabaki nakodoa macho. Vita ya huku haikusimama kuanzia 1916. Ilikimbia kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, hadi Lindi, ikavuka Ruvuma ikaingia Msumbiji, ikarudi, ikaishia Abercorn, leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Posta gani ingewafuata? Na nani angeandika? Aliyeandika ni kamanda. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku, alirudi Berlin akipokelewa kama shujaa na muda si mrefu kitabu chake kikawa madukani. Maofisa wa Uingereza nao wakaandika vyao. Askari wetu wamo humo kama sifa: mvumilivu, mwaminifu, hodari wa kutembea. Hakuna anayeogopa. Ni ileile kadi ya kukata, tofauti ni kwamba safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Na chini ya askari alikuwepo mpagazi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, wengine kwa hiari, wengi kwa kushikwa usiku. Hesabu rasmi inasema waliokufa ni karibu 95,000, na wanaojua namna hesabu zile zilivyotunzwa husema walizidi. Wachache walikufa kwa risasi. Waliomaliziwa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa ndio wengi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, jina ambalo ulimi wetu uligeuza kuwa Kariakoo, na mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakabaki na jina hilo. Nairobi wana Kariokor yao. Mishahara ya wafu iliyokosa wenyewe ilibishaniwa miaka mingi na maofisa wa Nairobi na London.

Mnara wa Nairobi, wenye sanamu za askari na mpagazi, una maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halipo pale hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Sina ugomvi na radhi hiyo. Nataka tu kuuliza swali la upande wetu: ni kweli hawakukumbukwa? Na nani?

Yupo anayesema babu zetu hawakuacha kumbukumbu ya vita ile. Nadhani anatafuta karatasi. Kuna kisa kinachorudiwa sana kuhusu mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa malimbikizo askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama mia tatu na hamsini, wachache tu wakiwa na cheti. Mlipaji akakosa namna. Ndipo akaja na wazo: kila asiye na cheti alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita. Hakuna aliyekosea. Kisa kina ladha ya kuongezwa chumvi, na huwa kinasimuliwa ili watu wacheke. Mimi sicheki sana. Nawaona wazee ambao hawakuwahi kuulizwa chochote na mtu yeyote, na siku walipoulizwa waliulizwa mikono yao tu.

Kuna beni pia. Ngoma hii ilianzia pwani ya Kenya kabla ya vita, lakini baada ya 1918 ilienea bara kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Vikundi vya Marini na Arinoti viligawana miji ya Tanganyika. Walikuwa na sare, vyeo, magwaride, bunduki za mbao, makamanda wa kuchaguliwa wenyewe. Watawala waliitazama wakaona Waafrika wanaiga Wazungu, wengine wakaogopa kwamba ni siasa. Mimi naiona kama ghala. Mtu aliyepigiwa kelele "kulia geuka" kwa miaka minne, akirudi kijijini akawa yeye ndiye anayepiga kelele, na kuna ngoma nyuma yake, na kuna wanawake wanashangilia, huyo ameligeuza jambo zito mpaka likabebeka.

Nitaulizwa kama sifarijiki kwa urahisi. Ngoma haiwezi kusema kilichotokea Mahiwa siku ya tatu, saa ngapi, nani alilia. Haiwezi, kweli. Majina yaliyokosekana yamekosekana, na wazee wa mwisho walizikwa katika miaka ambayo tulikuwa na vyuo vikuu, redio na kanda za kurekodia. Wachache walihojiwa. Wengi tuliwapita barazani tukiwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, tukaenda zetu kusoma habari za mto Somme kwa ajili ya mtihani. Hapo siwezi kumlaumu mkoloni peke yake.

Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa Kariakoo. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwetu, "alikuwa Kariakoo", na nilipokuwa mdogo nilidhani alikuwa na duka. Alichukuliwa mwaka 1917 kutoka Rombo, akapelekwa kusini, akarudi. Habari zake za vita, kwa maelezo ya bibi, zilikuwa sentensi moja: tulibeba. Ukimuuliza mlibeba nini, anasema mizigo.

Lakini alikuwa na tabia moja. Hakula ugali mpaka auone ukipikwa. Alikaa jikoni na wanawake, jambo lililowaudhi, akisubiri. Ukisema umeiva, anautaka mwiko, anachota katikati, chini kabisa, anaubonyeza kati ya vidole viwili karibu na moto, anaunusa. Wajukuu walimcheka kwamba mzee ni mlafi. Bibi mwenyewe alikufa akiamini baba yake alikuwa mtu wa kuchagua chakula.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba wapagazi waliotoka kwenye nchi za ndizi na mpunga waligawiwa unga wa mahindi wasiouzoea, uliosagwa vibaya, bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, na kwamba ule unga mbichi uliharibu matumbo yao na kuwaua kwa maelfu kwa kuhara. Nilipoisoma nilikuwa kwenye daladala. Nilifunga simu.

Bibi alikuwa akimwigiza vizuri. Anakunja vidole, anavileta karibu na jicho, anakaa kimya hivi muda mrefu. Halafu anarudisha mwiko kwenye sufuria, na kwa sauti ya baba yake anasema: "Bado."